Neno Lililofungua Mkono

Hebu mchore akilini anavyofika. Jua la Agosti limeanza kuteremka lakini bado linachoma, na mtaa wote wa Naif, hapa Dubai, unanuka kadibodi iliyopata joto na jasho la watu wanaosukuma marobota. Dorcus anashuka kwenye basi kwa kutanguliza mguu mmoja, kama mtu anayepima kina cha maji, halafu anajitosa kwenye msongamano. Ni mwanamke mrefu wa mabega mapana, na wachuuzi wanampisha bila kujua kwa nini. Kichwani amejitanda mtandio mweusi alioazima kwa mwenzake wa chumba huko Al Quoz. Hajazoea kujitanda. Kila akipiga hatua tatu nne mtandio unateleza, naye anaurudisha kwa mkono wa kulia.

Huo mkono wa kulia ndio habari yetu, kwa hiyo uangalie vizuri. Kiganjani pana kovu la kuungua, pana kama kamba, linaanzia kwenye kidole cha shahada na kukata kiganja chote mpaka karibu na kifundo. Ni kovu changa. Akikunja ngumi linavuta, akifungua linauma.

Anakwenda kwenye khitma ya mtu ambaye wengi wanasema yeye Dorcus ndiye aliyemuua.

Turudi nyuma kidogo, maana bila hivyo utamwonea, au utampendelea, na yote mawili si haki.

Dorcus hakukinyonya Kiswahili kwa mama yake. Kwao ni Kapchorwa, kwenye mabega ya Mlima Elgon upande wa Uganda, na nyumbani walisema lugha yao. Kiswahili alikutana nacho akiwa mtu mzima, kwenye kambi ya kufunza walinzi nje ya Kampala, na kilimjia kikiwa kimeshika fimbo. Mkufunzi wao, askari mstaafu mwenye jicho moja bovu, hakuwa na sentensi, alikuwa na amri tu. Lala! Amka! Kimbia! Na ile iliyoogopwa kuliko zote: Acha! Ukisikia hilo, chochote ulichoshika, iwe bunduki ya mbao au ndoo ya uji au shingo ya mwenzako mnayepigana naye mieleka, unakiachia papo hapo, vidole vyote vimenyooka. Anayechelewa anachapwa kwenye vifundo vya vidole. Dorcus alichapwa mpaka kucha mbili zikang'oka. Baada ya hapo hakuchelewa tena. Neno lilikuwa likiingia sikioni linashuka moja kwa moja mkononi, bila kupitia kichwani.

Alipokuja Dubai alilinda milango ya duka kubwa, kisha akapata kazi Al Quoz kwa Mwingereza mmoja aitwaye Nick, mwenye godauni lenye ukuta wa kukwea. Naam, watu wa mjini wanalipa kupanda ukuta ambao juu yake hakuna kitu. Wakifika juu wanapiga kelele, halafu wanateremshwa. Kazi ya Dorcus ilikuwa kusimama chini na kushika kamba. Kamba inapita kwenye chuma kilichofungwa kiunoni kwake, na mkono wake wa kulia ndio breki. Ukibana, aliye juu anakaa. Ukilegeza kidogo, anashuka taratibu. Ukifungua, basi.

Humo ndimo alimomkuta Taib, kijana wa Mombasa, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika, anayepanda ukuta kama mjusi kafiri. Wao wawili tu ndio waliosema Kiswahili humo ndani, na Taib alimcheka kutwa.

"Dorcus, hicho Kiswahili chako hakisemwi, chafyatuliwa," alikuwa akimwambia. "Hata salamu yako mtu huitikia ameinua mikono."

Siku moja Dorcus alikuwa amebeba sanduku la vyuma, Taib akaona anajitwisha mzigo wa watu wawili, akamwambia kwa huruma kabisa, "Acha, dada, acha." Sanduku likaachiwa pale pale, likatua juu ya kidole gumba cha mguu wa Taib. Kucha ikapasuka, damu ikajaa kiatuni. Taib aliruka kwa mguu mmoja godauni zima, analia na kucheka. "Jamani! Huyu ukimwambia acha, huacha kweli!" Siku hiyo hiyo wakakubaliana: kati yao, neno la kusimamisha ni "simama". Lile jingine likapigwa marufuku.

Sasa, kila kiangazi, joto la Dubai linapofika mahali ambapo hata kunguru wanatembea kwa miguu kivulini, Nick huwapeleka wateja wake nchi ya Jojia. Kule kuna bonde refu chini ya milima yenye theluji, na bonde lote ni mizabibu. Imepanda kwenye nguzo mashambani, imetambaa juu ya paa, imeingia mpaka madirishani. Wenyeji wanatengeneza divai ndani ya mitungi mikubwa ya udongo, mtu mzima anaenea ndani, iliyofukiwa ardhini ikabaki midomo tu. Wateja wanapanda farasi asubuhi, wanakwea majabali mchana, jioni walio na dini ya kuwazuia wanakunywa maji ya zabibu na wasiozuiwa wanakunywa hiyo nyingine. Taib alikuwa akipita kati ya mistari ya mizabibu akichuma na kutia mdomoni.

"Hapa tawini ni tunda," alimwambia Dorcus, "kule mtungini ni kesi."

Walikuwa marafiki, usisahau hilo.

Jioni ya mwisho ya uhai wa Taib, Dorcus alishuka kwenye ghala la mitungi kuchukua kamba, maana ndiko walikozihifadhi. Mgeni mmoja, jibaba lenye cheo katika ofisi fulani ya Dubai, lilimfuata likiwa limelewa, likamshika kiunoni kwa nyuma, mkono mwingine likamziba mdomo. Dorcus alimng'ata kidole mpaka mfupa. Aligeuka, akamshika nywele, akamwinamisha na kumgongesha uso kwenye mdomo wa mtungi, mara moja, na mara ya pili alipoona bado anatukana. Meno mawili yalitumbukia humo kwenye divai. Jibaba likatoka nje linatapika damu, wateja wakapiga mayowe, Nick akaja mbio. Kabla Dorcus hajafungua kinywa, Taib alimfikia na kumzaba kofi mbele ya watu wote.

"Omba radhi!" alimpigia kelele kwa Kiingereza. "Omba radhi kwa sir!"

Dorcus akaomba. Kofi lile lilikuwa bado linalia sikioni.

Baadaye, kwenye mizabibu, Taib alijaribu kumweleza. "Ningekaa kimya, ungepandishwa ndege usiku huu huu. Hawa watu hawaulizi. Lile kofi ndilo lililokuokolea kazi."

"Baba yangu alikufa bila kunipiga usoni," Dorcus alisema. "Utalilipia hilo kofi, Taib."

Taib alicheka. Kabla ya kulala akamtumia kaka yake Mahfudh ujumbe wa sauti: Mganda ameniapia, na kesho ndiye wa kunishikia kamba, niombeeni dua. Alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Ni mzaha wa Taib, na waliomjua walimjua hivyo. Lakini mzaha wa marehemu ukiusikiliza upya hausikiki kama mzaha.

Asubuhi Taib alipanda jabali lililo juu ya shamba ili kufunga kamba za wateja. Alifika juu, akafunga, akaanza kuteremshwa, Dorcus chini akilegeza kidogo kidogo. Katikati ya jabali palikuwa na ufa, na ndani ya ufa nyigu walionona kwa zabibu. Taib aliutia mguu humo. Walitoka kama moshi. Walimvaa uso, shingo, macho, naye akawa anajipiga mwenyewe kwa mikono miwili huku akizunguka hewani, na kwa ile sauti ya utotoni mwao Mombasa akalia, "Acha! Acha! Acha!"

Mkono ulifunguka.

Kamba ilifyatuka. Dorcus aliiona inapita, akaidaka kwa kiganja kile kile, ikamla ngozi na nyama, harufu ya kuungua ikampanda puani, hakuiachia tena. Lakini Taib alikuwa ameshafika chini. Jabali lilimpiga bega, likamgeuza, na nguzo ya kuegemezea mzabibu ikampokea ubavuni na kutokea upande wa pili. Alilala kichwa chini kati ya vishada, midomo ikicheza bila sauti, nyigu bado wakimtembea usoni. Hakufika barabarani akiwa hai.

Polisi wa kule walimhoji Dorcus kupitia mkalimani, wakaandika kuwa ni ajali. Taib akazikwa kwao Mombasa. Nick alimwambia Dorcus apumzike. Na yeye, kwenye kitanda chake cha juu huko Al Quoz, alikuwa na maswali mawili yasiyokubali kulala. Taib alikuwa akiwaambia nyigu, au yeye? Hilo la kwanza. La pili hakuthubutu kulitamka hata peke yake: ule mkono ulifunguliwa na neno, au neno liliukuta tayari unataka kufunguka?

Mahfudh hakuwa na maswali. Ni mfanyabiashara, ananunua mapazia na mashuka Naif na kuyapeleka Mombasa, mtu wa sauti kubwa na mikono ya kubeba marobota. Alikuwa akiusikiliza ule ujumbe kila siku, na alikula yamini mbele ya watu kwamba yule mwanamke hatatoka Dubai kwa miguu yake. Mara mbili alimvizia nje ya godauni. Mara ya pili alimrushia jiwe, likampasua juu ya jicho.

Aliyempigia Dorcus simu ni Shifaa, dada yao, anayesafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Mankhool. "Njoo kwenye khitma," alisema. "Useme kwa mdomo wako. Kaka yangu ataniulia mtu au atauawa, na mimi sina wa kumzika tena."

Dorcus angeweza kukata tiketi ya kurudi kwao. Hakutaka. Alitaka mtu mmoja wa damu ya Taib amtazame usoni na kumwambia, nimekuamini. Hilo tu ndilo alilofuata kule juu.

Khitma ilikuwa kwenye chumba cha mwisho juu kabisa ya jengo, kinachofungukia darini, kwenye paa tambarare. Wanaume walikuwa ndani wakisoma. Nje, kati ya matangi ya maji, madishi na kamba za nguo, sufuria mbili za pilau zilikuwa zikifukuta. Shifaa alimpokea Dorcus kwenye ngazi.

"Umekuja kweli."

"Nilisema nitakuja."

"Simama hapo nyuma ya tangi, usisogee. Wakimaliza dua nitamwita kaka."

"Shifaa. Wewe unaniamini?"

Shifaa alimtazama. "Mimi ndiye niliyemwosha kile kidole chake kwa maji ya chumvi. Alikuwa akicheka na huku yualia. Mimi nalijua hilo neno lenu."

Akashuka kufuata sahani. Na hapo ndipo mtandio ulipoteleza.

Mahfudh alikuwa ametoka kuangalia sufuria, amevaa kikoi na fulana, upawa wa chuma mkononi. Aliona nywele fupi nyuma ya tangi, akaona mabega.

"Ushaniulia ndugu yangu," alisema polepole, "sasa waja kula pilau yake?"

"Mimi sikuja kukula. Nilikuja kusema." Dorcus alitoka nyuma ya tangi, mikono wazi. "Ndugu yako alisema acha. Mimi nilifundishwa kwa fimbo. Mtu akiniambia acha, huu mkono unafunguka wenyewe, mimi siuwezi. Taib alijua. Shifaa anajua."

"Wafunguka wenyewe."

"Ndiyo."

"Kama mlango wa duka kubwa." Mahfudh alicheka kicheko kibaya, akatoa simu mfukoni mwa fulana, akaiwasha. Sauti ya Taib ikajaa darini, inacheka, inakohoa, Mganda ameniapia. "Na haya je? Ulimwapia au hukumwapia?"

Dorcus hakuwa mtu wa kudanganya. "Nilimwapia."

Upawa ulimkuta shavuni, bado una mafuta ya moto. Alisikia ngozi ikiungua. Pigo la pili lilimvunja pua, la tatu alilikinga kwa mkono na mfupa ukalia. Aliupokonya upawa, akautupa, akampiga Mahfudh kichwa cha tumbo. Waliangukia sufuria, pilau ikamwagika, wakagaagaa katika wali wa moto wakichomeka wote wawili. Mahfudh alimkalia kifuani, akamkaba. "Mwite! Mwite Taib aje akutetee!" Macho ya Dorcus yalianza kuingia giza. Alimchoma kidole jichoni, akajinasua, akakimbilia upande usiokuwa na njia.

Ukuta wa darini ulikuwa wa kufika kwenye nyonga tu. Dorcus aligeuka akauegemea. Mahfudh alikuwa amechukua kisu cha kukatia kamba za marobota, na alimjia kwa mbio zote za mwili wake mkubwa, akinguruma. Kule kambini walifundishwa hilo vilevile: mtu akija kwa mbio, mpishe. Dorcus alimpisha.

Mahfudh alipita. Ukuta ukamkata nyonga, kisu kikamtoka, miguu ikapanda juu, akaenda.

Dorcus alidaka kikoi. Kikabaki mkononi mwake, kitupu. Kwa mkono wa kulia akadaka kifundo cha mkono wa Mahfudh, kitu cha mwisho kilichokuwa kikipita, na uzito wote ukaja begani kwake na kumgongesha kifua ukutani. Kovu la kiganja lilipasuka. Damu ikaanza kuteremka kwenye mkono wa Mahfudh, ikaufanya uteleze.

Chini kabisa, kati ya mikokoteni, watu walikuwa wadogo, wameinua nyuso.

Wasomaji wakatoka chumbani. Jiweke mahali pao. Wanaona mgongo wa mwanamke, yule yule, amemwinamia mtu ukutani. Wanaona damu, pilau, kikoi kimetupwa. Wanadhani anamsukuma. Wakapiga ukelele kwa sauti moja, wanaume wazima kumi na kitu:

"Acha! We mwanamke, acha! Acha!"

Neno likaingia sikioni. Dorcus alilisikia likishuka shingoni, likipita bega linalong'oka, likifika kwenye kiwiko. Mahfudh, kule chini yake, naye alilisikia. Macho yao yalikutana.

Vidole havikufunguka.

Alivifunga zaidi, akaguguna kama mtu anayejifungua, na kwa Kiswahili chake cha bunduki akafyatua, "Shika mkono! Nyinyi! Shika!" Ndipo wakaelewa. Mmoja alimdaka Mahfudh kwapani, wengine kwenye fulana, wakamvuta, akaanguka ndani ya ukuta kama gunia. Mtu akamtupia kikoi chake.

Shifaa alikuwa amefika na sahani mikononi. Aliziweka chini moja moja. "Kaka," alisema, "amekuokoa. Umeona? Huyu unayemwita muuaji amekuokoa."

Mahfudh alikaa ameegemea ukuta, jicho moja limejaa damu, anakitazama kifundo chake ambacho vidole vya Dorcus vilikuwa vimechora alama tano. Akamtazama Dorcus. Ile hasira yake kubwa ilikuwa imeondoka, na kilichobaki mahali pake kilikuwa kitulivu na kibaya zaidi.

"Waliokuambia acha ni wengi," alisema. "Nimewasikia. Wewe umewasikia. Na mkono wako ukakaa. Basi niambie, dada. Mimi nilikuja kukuua, na hukuniacha. Mbona yeye?"

Dorcus alifungua kiganja chake, akakitazama, kama vile jibu lingekuwa limeandikwa humo chini ya damu. Angeweza kusema kwamba asiyejua neno litamfanya nini si sawa na aliyekwishaungua nalo. Angeweza kusema safari hii alilisubiri. Angeweza kulitaja lile kofi. Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi asogezewe mikokoteni.

Wewe uliyeandamana naye tangu aliposhuka kwenye basi, na kile kiganja umekiona: ungemwambia Mahfudh nini?